Kioo, Kitufe na Mkono Wenye Chumvi

Mwenye boti akinijia na swali la anunue kifaa cha kugusa au cha vitufe, mimi humwuliza kwanza boti yake inarudi saa ngapi. Wengi hushangaa. Wametoka dukani na karatasi ya bei, wanataka tuzungumzie ukubwa wa skrini. Lakini asubuhi bahari ya Unguja haimpi mtu taabu: maji yametulia, abiria wanapiga picha, nahodha anagusa kioo kwa ncha ya kidole na ramani inamtii. Kifaa hujulikana alasiri, upepo wa kusi umeshapanda, boti inarudi mjini mawimbi yakiipiga omo, na kila kilichokuwa kikavu kimelowa.

Kazi yangu ni umeme wa boti. Nilianza na taa na pampu za ngama, nikaingia kwenye redio za upepo, mwisho nikafika kwenye vyombo hivi ambavyo mabaharia wetu huviita GPS tu, ingawa siku hizi kioo kimoja hubeba ramani, kipima kina, rada, kamera na vipimo vya mashine. Nilipoanza, swali la kugusa au kubonyeza halikuwepo. Vifaa vyote vilikuwa na vitufe: mishale minne, kimoja cha kukuza ramani, kimoja cha kuipunguza, na kimoja cha kutia alama mahali ulipo. Skrini zilikuwa ndogo, nyingine za kijivu kitupu, na kuandika jina la mwamba mmoja herufi baada ya herufi kulitaka mtu mwenye subira. Kisha vioo vikaja. Vilianzia kwenye boti za mahoteli na za uvuvi wa kitalii, vikashuka kwenye boti za kawaida, mpaka ikawa anayetaka kifaa kipya chenye vitufe inabidi akiulizie.

Katika kuvifunga, kuvitengeneza na kusafiri navyo nimefikia msimamo ambao nausema mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Jambo lolote ambalo nahodha atalihitaji wakati hana nafasi ya kulitazama, lazima liwe na kitu cha kushika. Mengine yanaweza kukaa kwenye kioo, na mengi yatakaa humo vizuri kuliko kwenye vitufe.

Tuanze na mkono wenyewe. Dukani mteja husimama wima, mikono mikavu, kiyoyozi kinavuma, kifaa kimetulia mezani. Anavuta ramani kwa vidole viwili, inapanuka, anafurahi. Kwenye boti mwili wote una kazi nyingine. Magoti yamekunjwa kupokea pigo la wimbi, mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye gia. Ukiutoa ule wa gia kwenda kugusa kioo, kidole kinaelea hewani, na boti ikiruka kinaangukia pembeni ya pale ulipokusudia. Mabaharia waliozoea hawagusi kwa kidole kilichonyooshwa. Hukamata ukingo wa kifaa kwa vidole vinne, kama mtu ashikavyo sinia, kisha wakagusa kwa gumba, ili mkono na kioo viruke pamoja. Ndiyo maana ninapofunga kioo huacha nafasi ya vidole pembeni yake. Wenye boti hupenda kizamishwe chote, kiwe bapa na dashibodi, kwa sababu kinapendeza. Kikizamishwa hivyo, vidole havina pa kukamata.

Mwezi wa Julai mmoja nilipanda boti ya wageni iliyokuwa ikirudi mjini kutoka Nungwi. Nahodha alilalamika kwamba betri haijai, nami nilitaka kuipima mashine zikiwa zinazunguka. Tulipita nje ya Tumbatu, upepo ukiwa usoni. Kila omo ilipozama, maji yaliruka juu ya kioo cha upepo yakaangukia dashibodi. Mara ramani ikaanza kufanya mambo yake. Ilijikuza mpaka ikabaki bahari tupu, ikajipunguza mpaka Unguja na Pemba zikawa vidoa viwili. Orodha ikafunguka, ikajifunga. Tone moja likateremka taratibu kutoka juu ya skrini hadi chini, na ramani ikaburuzwa pamoja nalo, alama ya boti ikapotelea ukingoni. Nahodha akapangusa kwa kiganja. Kiganja nacho kikahesabiwa kuwa amri: ukurasa wa muziki ukafunguka, spika za nyuma zikaanza kuwapigia abiria taarabu ambayo hakuna aliyeiomba.

Abiria walicheka. Nahodha hakucheka, kwa sababu kipima kina kilikuwa humo humo, kimefunikwa na ukurasa wa muziki, na upande wetu wa kushoto palikuwa na miamba. Kwa bahati boti ile ilikuwa na kipima kina kingine, kidogo, cha zamani, chenye vitufe vitatu tu. Alikibonyeza, namba za mita zikatokea nyeusi na kubwa, akapunguza mwendo, akaendelea kwa dira na kwa macho yake. Tulifika salama. Nilipokuwa nafungasha vifaa vyangu, mwenye boti akanikumbusha kazi aliyokuwa amenipa tangu mwanzo, yaani kukiondoa kile kidogo kwa sababu kinaharibu sura ya dashibodi. Nahodha akadakia, "Fundi, ukikitoa hicho, nitoe na mimi." Kikabaki.

Mambo yale hayakuwa na uchawi. Vioo vingi vya kugusa vya siku hizi hufanya kazi kwa umeme mdogo uliotandazwa nyuma ya kioo. Mwili wa mtu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia hubadilisha kipimo cha mahali pale, na kompyuta ya ndani inajua imeguswa wapi. Maji ya bahari nayo hupitisha umeme, tena vizuri zaidi kuliko ya mvua, kwa ajili ya chumvi. Tone likitua, kifaa kinaona kidole. Maji yakiteremka, kinaona kidole kinachoburuta. Watengenezaji wanalijua hilo, na programu za sasa hutenganisha tone na kidole vizuri kuliko zile za mwanzo, lakini mawimbi yakimwagika mfululizo kazi huzishinda. Zipo skrini za aina nyingine zinazosikia mkandamizo, ambazo hazidanganywi na maji kirahisi; picha yake, hata hivyo, kwa kawaida huwa hafifu zaidi juani. Na baharia aliyevaa glavu za mpira kwa ajili ya kuvuta mshipi, kioo kinaweza kumpuuza kabisa.

Maandishi ya IPX7 kwenye boksi huwachanganya wanunuzi. Maana yake ni kwamba kifaa kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, na maji hayakuingia kukidhuru. Hayaahidi kwamba kikilowa kitakusikia. Niliyemwona akipigana na kioo nje ya Tumbatu alikuwa na kifaa kizima, ambacho mpaka leo hakijaingiwa hata na tone.

Jua nalo lina visa vyake. Manahodha wengi huvaa miwani inayokata mng'ao wa maji ili waone rangi ya mwamba chini. Kupitia miwani ile, skrini nyingi hugeuka nyeusi ukiinamisha kichwa upande fulani, na zipo ambazo zikifungwa kwa kusimama wima badala ya kulala, hazionekani hata kidogo. Kabla ya kutoboa dashibodi, basi, humwomba nahodha alete miwani yake akitazame kifaa kikiwa kimewashwa. Kuna na habari ya mwanga. Mvuvi anayetoka usiku hupunguza mwanga wa skrini ili macho yaendelee kuona gizani, na ni sahihi, kwani jicho lililopigwa na mwanga mkali huchukua dakika nyingi kulizoea giza tena. Jua likichomoza anakuta mbele yake kioo cheusi, na mahali pa kuongezea mwanga pamo ndani ya weusi huo huo. Nimemwona mtu mzima akivua shati akajifunika kichwa pamoja na kifaa, anatafuta. Penye kitufe cha mwanga, gumba linakwenda moja kwa moja, shati linabaki mwilini.

Lakini haya yote yangeweza kuitwa usumbufu. Kilichonipa msimamo wangu ni dumu la njano.

Mteja wangu mmoja alikuwa na boti mbili zinazofanana umbo. Moja ilikuwa na kifaa cha zamani cha vitufe, nyingine kioo kitupu, naye alikuwa akijiandaa kununua ya tatu. Alitaka nimchagulie. Nikamwambia tuwaachie manahodha, tena baharini. Mbele ya Nungwi, upepo ukiwa umeanza kupandisha povu jeupe juu ya maji, kila boti ilikwenda mwendo wa maili 20 za baharini kwa saa, ambao ni kama mita 10 kila sekunde. Baharia wa nyuma alipewa dumu lenye maji kidogo ndani, alitupe wakati wowote bila kumwarifu nahodha mapema. Kazi ya nahodha ilikuwa kutia alama ya mtu aliyeanguka, kugeuza boti na kuliokota.

Wa kwanza alikuwa mzee, na chake ni kifaa cha vitufe. Dumu lilipoanguka baharia alipaza sauti, "Mtu majini, kushoto!" Mzee akageuza kichwa, macho yakalishika dumu. Mkono wa gia ukapunguza mwendo, kisha ukaenda kwenye kifaa peke yake. Niliuona kwa karibu. Kidole cha shahada kilipapasa pembe ya chini, kikapanda hadi kwenye duara la kuzungusha, kikahesabu kitufe cha pili baada yake, kikabonyeza na kushikilia mpaka kifaa kikalia. Muda wote huo uso wake ulikuwa umegeukia nyuma, na hakuuleta mbele hata alipoanza kukata usukani. Alilifikia dumu kwa upande ambao upepo haukumsukuma juu yake, akasimamisha boti, baharia akalichukua.

Wa pili alikuwa kijana, na kwa kutumia simu na kompyuta hakuna aliyemfikia pale. Dumu lilipoanguka alitazama kioo. Kioo kilikuwa kwenye ukurasa wa mashine, maana alikuwa akiangalia mafuta, na alama ya mtu majini haikuwa kwenye ukurasa ule. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akagusa, boti ikaruka, akagusa kingine, akarudi, akagusa tena. Hazikupita sekunde nyingi, lakini kila sekunde ilikuwa mita 10. Alipoinua uso alikuwa na nukta nzuri nyekundu kwenye ramani, na mbele yake povu jeupe kila upande. Dumu hakuliona. Aliliokota kwa sababu tu baharia wake alikuwa amenyoosha mkono kulielekea tangu lilipoanguka na hakuushusha.

"Alama si ninayo?" akasema, amechukizwa.

"Unayo, mwanangu," mzee akamjibu. "Lakini nukta haichukuliwi na mkondo. Mtu anachukuliwa."

Kila chuo cha ubaharia hufundisha jambo hilo: aliyemwona mwenzake akianguka asimtoe machoni. Kichwa cha mtu katika maji yenye povu ni kitu kidogo mno, na ukishakipoteza unaanza upya. Kijana yule hakuwa mzembe. Kifaa chake kilimwomba macho wakati ambapo macho hayakuwa ya kutoa. Kioo hakina pembe wala mabonde ya kupapasa, hivyo hakiwezi kutumika bila kutazamwa, na kila ukurasa unapobadilika vitu vyake hubadilika mahali. Kitufe hakihami. Ukikizoea leo, mkono wako utakikuta palepale usiku wa manane, kwenye mvua, wewe ukiwa unatazama kwingine.

Wakubwa nao wamelipia somo la namna hii kwa roho za watu. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain ilikuwa ikikaribia mlango wa bahari wa Singapore, penye msongamano mkubwa wa meli. Usukani na mwendo wake viliendeshwa kwa skrini za kugusa. Kamanda alipoona mshika usukani amezidiwa na kazi, aliamuru mwendo ushikwe na mwenzake wa pembeni. Katika kuhamisha, usukani nao ukahama bila wao kutambua, na mshika usukani akatangaza kwamba ameupoteza. Juu ya hilo, mwendo wa rafadha ya kulia na ya kushoto haukuwa umeunganishwa kwenye skrini, kwa hiyo walipoupunguza ulipungua upande mmoja tu, na manowari ikazidi kugeukia kushoto, ikaingia mbele ya meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walikufa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti yake mwaka 2019, na mwaka huo huo jeshi la wanamaji likatangaza kwamba litarudisha vishikio vya kawaida vya mwendo kwenye manowari za aina hiyo.

Skrini haikubeba lawama peke yake. Ripoti ilieleza pia upungufu wa mafunzo. Hata hivyo, mtu yeyote aliyeshika boti ya mashine mbili anaelewa ninachosema. Vishikio viwili vya gia vikiwa chini ya kiganja kimoja, huna haja ya kuuliza kipi kiko mbele na kipi kimerudi nyuma. Kiganja kinakuambia, na anayesimama nyuma yako anaona.

Kwenye magari habari ni ile ile. Mwaka 2022 jarida la Sweden, Vi Bilägare, lililinganisha magari mapya ya skrini na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Dereva alipewa kazi ndogondogo, kama kubadilisha stesheni ya redio na kuwasha joto la kiti, akiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ya zamani zilimalizika kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika gari lililoshika mkia zilichukua sekunde 44.9, na umbali wa mita 1,372. Dereva yule alikuwa kwenye lami iliyonyooka, mikono mikavu.

Nikisema hivi, vijana hunidhania kuwa mpinzani wa kioo. Hawajui ni mara ngapi nimekitetea mbele ya wazee. Kupanga safari ya kesho ukiwa umetia nanga, hakuna kinachoshinda kioo. Unavuta ramani, unagusa mlango wa mwamba, unagusa pembe ya kisiwa, njia imejichora na umbali umeandikwa. Kwa vitufe kazi hiyo ni mishale mingi na kuchoka kwingi. Kuandika majina ya mahali pa kuvulia nako ni hivyo hivyo. Na lipo la maana zaidi. Manahodha wengi hodari wa pwani yetu walijifunza bahari kwa baba zao, hawakupitia darasa la kusoma orodha za Kiingereza. Kifaa cha vitufe kiliwataka wakariri njia: bonyeza hiki, shuka mara tatu, ingia, shuka mara mbili. Aliyesahau hatua moja alikwama, akamwita fundi kwa simu kutoka Mkokotoni. Kioo kinamwonyesha mwamba, naye anaugusa mwamba. Nimewaona wazee waliokaa miaka na kifaa cha vitufe wakitumia robo tu ya uwezo wake, wakapewa kioo, wakatumia nusu ndani ya wiki.

Vitufe navyo vina maradhi. Mpira wake hukauka juani ukapasuka, chumvi ikaingia chini, kitufe kikaanza kunata au kujibonyeza. Nimefungua vifaa nikakuta shaba ya ndani imekuwa kijani kibichi. Herufi zilizochapwa juu yake hufutika, abaki anayejua kwa mazoea tu. Kioo hakina matundu hayo. Ukikiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha ukakifuta kwa kitambaa laini, kinadumu. Kinachokiua ni kupanguswa kikavu kwa fulana yenye mchanga, na sabuni za vioo zenye amonia, ambazo hula tando la juu. Kikipasuka, ndipo utaona ubaya wa kutegemea kitu kimoja: kifaa cha kugusa kitupu kilichopasuka huweza kuendelea kuonyesha ramani nzuri ambayo huna njia ya kuiamrisha.

Kwa sababu hiyo, jibu langu kwa boti nyingi za hapa limekuwa la kuchanganya. Boti ya wazi, isiyo na chumba cha nahodha, naifungia kifaa chenye kioo na vitufe pamoja. Mwenye kioo kitupu tayari, namshauri anunue kibodi ndogo ya vitufe inayounganishwa nacho kwa waya. Garmin, Raymarine, Simrad na Furuno wote wametengeneza vitu vya namna hiyo. Huiweka karibu na gia, mahali ambapo mkono uko tayari, na kazi ya kwanza ninayomfundisha nahodha ni kutia alama ya mtu majini akiwa amefumba macho. Boti yenye chumba kilichofungwa, dirisha zima na kiti kizuri, inaweza kuishi na kioo peke yake bila shida kubwa. Wote nawafundisha kufunga mguso kabla ya kuingia kwenye maji yaliyochafuka, maana vifaa vingi vina njia hiyo na wamiliki wengi hawajawahi kuitafuta.

Kuna vitu ambavyo siviweki kwenye kioo hata mwenye boti akinilipa zaidi. Siku hizi kuna mifumo inayoruhusu taa, honi na pampu ya ngama viwashwe kwa kugusa ramani ileile. Inavutia, na waya zinapungua. Lakini maji yakiingia botini, nataka nahodha akute swichi ya pampu mahali alipoiacha, hata kama skrini imezima, na nataka pampu iwe na boya lake linaloiwasha lenyewe, waya ukitoka kwenye betri kupitia fyuzi yake. Taa na honi vivyo hivyo. Dira ya sumaku ibaki. Kipima kina kidogo cha pembeni kibaki pia, hasa katika maji yetu ambayo katika bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na mwamba uliokuwa salama asubuhi unakusubiri jioni.

Redio ya VHF iwe peke yake, na kitufe chake chekundu. Chenyewe ni darasa zuri la mada hii. Wataalamu waliopanga mfumo wa kuomba msaada baharini waliamua kwamba wito wa hatari uwe na kitufe chake mahsusi, kisicho na kazi nyingine, na kilindwe kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Unafungua kifuniko, unabonyeza na kushikilia sekunde chache, redio inatuma kwa chaneli 70 namba ya chombo chako na mahali ulipo, kisha unaendelea kwa sauti kwenye chaneli 16. Walimfikiria mtu anayetetemeka, gizani, maji yakiwa magotini. Ila kitufe kile hakijui ulipo mpaka redio ipate GPS, na nyingine huitegemea ile ya kwenye dashibodi, kwa waya mbili nyembamba. Boti nyingi nilizoitwa kuzitengeneza, waya hizo zilikuwa zimefungwa fundo nyuma ya dashibodi, hazijaunganishwa na chochote. Kabla hujabishana kuhusu kioo na kitufe, inama ukazitazame.

Jambo la mwisho linahusu mwenye fedha. Huku kwetu anayelipa mara nyingi siye anayeshika usukani. Tajiri yuko mjini, anapenda kioo kikubwa kwa sababu wageni wanakisifu na kwa sababu kinafanana na simu yake. Nahodha anaambiwa tu kwamba kifaa kimefika. Mimi sikubali tena biashara ya namna hiyo. Namtaka nahodha afike karakana, na baharia wake, na miwani yake, na glavu kama anavaa. Nimeweka ndoo ya maji ya bahari karibu na meza. Kila mmoja anatumbukiza mikono mpaka vifundoni, halafu namwagia kifaa kikombe kimoja, nawaambia watie alama, wakuze ramani, waongeze mwanga, waite ukurasa wa kina. Baada ya hapo huwa sina haja ya kutoa ushauri mrefu.

Mwenye boti mmoja aliwahi kunizuia kikombe kikiwa hewani. Alisema hajapata kuona kifaa kipya kikimwagiwa maji ya chumvi. "Kitamwagiwa tu, bwana mkubwa," nikamwambia. "Afadhali kimwagiwe hapa, kabla hujalipa."